Shuka la Saba

Bweni la Wafanyakazi,
Ghorofa ya Pili, Chumba Na. 6.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ikikukuta umesimama itabidi utafute kiti. Shemeji hajambo? Goti lake bado linagoma akipanda ngazi? Na Mama Mkubwa, yale macho yameonwa na daktari au bado anasema ni vumbi? Wasalimie wote kabla hujaendelea kusoma, nitasubiri. Kwa upande wangu mimi ni mzima, nafanya kazi, nakula, nalala. Maneno hayo ya mwisho nimeyaandika kwa mazoea na huko chini nitayarudia. Usiruke kwenda kuyatafuta.

Habari yenyewe ni ya binti yako. Kidomo ameshinda. Utafiti wake wa kumalizia chuo umepita, na haukupita kwa kuburuzwa. Umeshika namba moja katika vyuo vitatu vya nchi tatu. Nimesikia kwa masikio yangu, Alhamisi saa ya chakula cha mchana, nikiwa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, simu tumeiegemeza kwenye ndoo ya sabuni. Najua barua hii itakapofika atakuwa ameshakupigia, akasema "nimepita, Mama", kisha akauliza habari za paka. Anakuogopa. Ndiyo maana nimeshika kalamu mimi.

Nakumbuka ulivyoniandikia alipoacha uhasibu. Ulisema mtoto amekwenda kusomea vichwa vya watu kana kwamba cha kwake kimemtosha. Nilicheka, Dada, na nilikuunga mkono. Mimi niliyeishia darasa la sita nilijua nini? Niliona kusomea huzuni ni kama kusomea kupiga miayo, jambo ambalo kila mtu analifanya bila cheti.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mwalimu wake aliunganisha darasa lao na madarasa ya vyuo viwili vya nje, wakawa wanaonana kwenye skrini kila wiki. Wote walipewa kazi moja: kuwauliza watu wanaofanya kazi mbali na kwao wanaishije moyoni, na mazoea waliyotoka nayo nyumbani yanawasaidia au yanawaongezea mzigo. Fomu ilikuwa moja, maswali ishirini, imetafsiriwa kwa kila lugha. Kidomo akatuchagua sisi, watu ishirini na sita wa kiwanda cha kufulia tunaosemezana Kiswahili.

Tulizijaza zile fomu kwa bidii. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi? Hapana. Umejisikia mpweke? Hapana. Umekosa hamu ya kula? Hapana. Mzee Kufuli, anayeitwa hivyo kwa sababu kabati lake lina kufuli mbili na ndani mna kandambili tu, alitumia rula ili alama zake zinyooke. Mimi nilimaliza kwa dakika nne, nikajiona nimemsaidia mpwa wangu.

Wiki moja baadaye akanipigia.

"Mjomba, mmenimaliza."

"Tumekumalizaje nasi tumejaza zote?"

"Mmejaza zote sawasawa. Watu ishirini na sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa mpweke. Mwalimu kaniuliza kama nimehoji watu au malaika."

Wenzake wa nchi nyingine walikuwa na michoro inayopanda na kushuka. Wa kwake ulikuwa mstari umelala chini kama mtu aliyezimia. Akapewa wiki tano. Zikiisha bila kitu cha kueleweka, kazi haipiti, na isipopita hamalizi chuo mwaka huu. Nilijua kingefuata nini nyumbani: ungemrudisha kwenye uhasibu kabla hajavua viatu.

Nilikwenda kazini na jambo hilo kichwani. Kazi yangu, Dada, sijawahi kukueleza vizuri. Mashuka ya hoteli na ya hospitali yakitoka kwenye mashine ya kukaushia, yale makubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnakung'uta, mnakunja, mnasogeleana mpaka mikono inagusana, mmoja anapokea pembe za mwenzake, mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Mchana kutwa. Mgongo wangu unazijua hatua hizo kuliko mimi. Na hamtazamani, mnatazama shuka. Mkikutana katikati mtu anadondosha neno, kisha anarudi nyuma nalo limeshatoka.

Siku hiyo nilikuwa nakunja na Mzee Kufuli. Shuka la kwanza, habari za asubuhi? Njema. La pili, za nyumbani? Njema. La tatu, nzuri tu. La nne, tunamshukuru Mungu. La tano akalikung'uta mara mbili. La sita akasema miguu inauma. La saba tulipokutana katikati akasema, bila kuinua macho, "Mke wangu alifariki mwezi wa pili na mimi sijalia. Sijui nilie wapi. Bwenini kuna watu, chooni kuna foleni."

Nilishika zile pembe nikasahau kurudi nyuma. Huyu ndiye aliyetumia rula kunyoosha "hapana" ishirini.

Hapo nikaliona kosa letu. Ile fomu tuliijibu kama anavyojibiwa mtu anayepiga hodi. Sisi ukituuliza habari, ni njema, hata kama paa linavuja. Baada ya njema ndipo tunaanza kusema "ila". Fomu haikungoja "ila". Ilichukua njema zetu ikaondoka.

Nilimpigia Kidomo wakati wa chai, nikamwambia, mwanangu, tupa karatasi, sisi tuulize tukiwa tunakunja. Akaanza kunimiminia maswali kwa ile kasi iliyompa jina, mpaka nyapara akanionyesha saa ya ukutani.

Hakukurupuka, mtoto wako. Alirudi kwa mwalimu kuomba ruhusa. Kila mtu alitia sahihi upya, majina hayakuandikwa popote, na wote tulielezwa kwamba kwa mwenye zito moyoni yupo mshauri wa bure pale zahanati. Mimi nilifundishwa kuuliza bila kusukuma. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba tu: njema ya mtu imeisha kwenye shuka la ngapi. Habari yenyewe, aliyetaka alimsimulia Kidomo mwenyewe kwa simu. Wiki mbili nilikunja na wenzangu ishirini na mmoja. Wanne walikataa, na hiyo ni haki yao.

Mpiga pasi wetu mmoja, mwanamke mwenye ulimi, alikuwa akipita anasema, "Mpisheni padri, anaungamisha watu." Ilipofika zamu yake alinichekesha mashuka kumi na manane. La kumi na tisa alifutia macho, ikabidi lirudi kufuliwa. Hakuna aliyemfikia. Wengi wao walifunguka kwenye la saba.

Sasa yale niliyokuahidi. Mzee Kufuli alinikamata siku ya mwisho akasema, "Leo nauliza mimi." Nilimjibu njema nane. La tisa nilimwambia kwamba mwaka jana, kwa miezi minne, nilikuwa navaa kiatu kimoja asubuhi, kisha nakaa na kile kingine mkononi mpaka kengele inalia. Nilikuwa silali. Chakula natafuna kama karatasi. Katika miezi hiyo nilikuandikia barua tatu, Dada, na zote zilianza na "mimi ni buheri wa afya". Sikukusudia kukudanganya. Nilidhani ndivyo barua inavyoanza.

Usiinuke. Nakwenda kwa yule mshauri kila Jumanne na usingizi umeanza kurudi. Mzee Kufuli naye alikwenda, akalia huko mlango umefungwa, na aliporudi akaondoa kufuli moja kabatini. Moja imebaki, amesema kandambili ni kandambili.

Basi, Alhamisi hiyo tukabanana kwenye benchi watu kumi na mmoja, mikate mkononi. Kidomo alisimama mbele ya vyuo vitatu kwa gauni lile la bluu ulilomshonea. Akaonyesha mchoro wake: mstari umelala, umelala, kisha kwenye shuka la saba unasimama kama mtu aliyeamshwa. Msichana wa chuo kimoja cha nje akaeleza kwamba aliposikia habari zetu alirudi kwa watu wake, waosha vyombo wa hoteli, akawauliza mikono ikiwa majini, na hesabu zake zikabadilika zote. Ndipo mwalimu akatangaza: kazi iliyoshika namba moja ni ya Kidomo, fomu ile itaandikwa upya kwa vyuo vyote vitatu, na njia watakayoifuata ni yake. Tulipiga kelele mpaka nyapara akafungua mlango aone nani anapigana.

Wakamuuliza amejifunza wapi kungoja jibu. Dada, nilidhani atanitaja mimi, nikaweka shingo vizuri. Akasema ni mama yake. Akasema utotoni hakuweza kukwambia kosa lake ukiwa umemkazia macho, ila mkianika nguo, akikupa vibanio kimoja kimoja, alikuwa anajikuta amesema yote. Hajui kama unakumbuka. Mwalimu aliandika hayo chini, nilimwona.

Na Ijumaa, nyapara alikuja mezani kwetu, akashika upande wa pili wa shuka langu. Tangu nimjue hajakunja hata kitambaa. Tulikunja kumi na mbili. Aliyoyasema ni yake.

Msalimie Shemeji na goti lake, Mama Mkubwa na vumbi lake, na kitinda mimba wetu mwambie asimguse paka. Mungu awafunike nyote kwa shuka moja kubwa lisilopwaya wala kubana.

Kidomo mpigie wewe safari hii. Akisema amepita, usikate simu. Muulize tena, na tena. Nami ukinijibu, anza na njema zako kama kawaida, sizikatazi. Lakini usiziachie hapo, endelea kuandika. Barua nitaisoma yote, na wewe mwenyewe nitakutafuta kwenye mstari wa saba.

Ni mimi nikupendaye, niliyelala vizuri jana,
Mdogo wako, mkunja mashuka.