Kaka Yangu Anasoma Nini

Jumatatu, 18 Novemba

Orodha ya vitabu vipya imeingia mlangoni leo, bure, kama inavyoingia kila nyumba ya Iceland kila Novemba. Na nimo, mimi na kitabu changu! Kona ya chini, nimebanwa kati ya kitabu cha kufuma soksi na maisha ya mwanasiasa ambaye hakuna aliyemwomba atusimulie. Picha yangu kubwa kama stempu. Nimeukunja ukurasa. Kidogo tu. Mtu akija, orodha itajifungua yenyewe pale pale.

Asubuhi bwawani. Nje baridi ya kung'oa masikio, sisi tumekaa kwenye maji ya moto hadi shingoni. Tunaliita sufuria, na kweli tunachemka humo kama viazi. Mwenyekiti ni Mwalimu Broddi, mstaafu, aliyejichagua mwenyewe. Kila siku anatuzungukia mmoja mmoja: "Haya, unasoma nini sasa hivi?" Kukosa jibu ni aibu kuliko kusahau nguo ya kuogelea.

Oddný mwenye duka: riwaya ya mauaji, amefika maiti ya tatu. Broddi mwenyewe: historia ya madaraja. Anaisoma tangu nimjue, na madaraja hayaishi. Kaka yangu Ketill: "Kitabu cha matrekta." Mimi nikasema sisomi kitu, nimetoka kuandika, nimechoka.

Kisha Oddný akasema maji leo yana moto kweli.

Alhamisi, 28 Novemba

Kitabu changu kimefika dukani kwa Oddný! Kimepangwa kati ya sufu na betri. Mahali pa heshima.

Kwenye sufuria wamenipongeza wote. Broddi karibu alie. "Hongera sana, bibie! Ningekinunua leo leo. Lakini Krismasi ndiyo hii, nani ajuaye, huenda nikapewa." Oddný naye hivyo hivyo, kitabu anakiuza yeye mwenyewe lakini anasubiri apewe! Ndio ugonjwa wetu. Kuanzia sasa hadi mkesha wa Krismasi hakuna anayejinunulia kitabu, maana mkesha tunapeana vitabu, na kila mtu ana uhakika kwamba kuna mwingine atakayemletea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa hufa hajasoma.

Ketill peke yake hakunipongeza. Aliangalia vidole vyake vya miguu vikielea.

Anajua kinahusu nini. Miaka kadhaa iliyopita kondoo wake walipata ule ugonjwa wa ubongo. Wachache tu, lakini sheria ni sheria: kundi zima likauawa na kufukiwa siku moja, na wazima pia. Toka hapo hajatamka neno kuhusu siku ile. Hata kwa mkewe, Ásdís. Mbwa akampa jirani, yeye akaajiriwa kuendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Nami nimeiandika siku ile yote. Nilikuwepo. Sikumwomba ruhusa, maana angekataa.

Lakini nimeficha vizuri! Shamba nimelibadilisha jina. Mwanamume wa kitabuni ana ndevu, Ketill hana. Katika mji wa watu mia nne, nani atatambua?

Jumatatu, 9 Desemba

VIMEKWISHA! Oddný kanitumia ujumbe: vyote vimenunuliwa, hakuna hata kimoja. Nimecheza jikoni na kitambaa cha vyombo mpaka nikagonga goti.

Nikaenda bwawani mapema, uso wa unyenyekevu, tayari kwa sifa. Broddi: daraja. Oddný: maiti ya tano. Ketill: matrekta. Wengine: soksi, soksi, mwanasiasa.

Basi nani alivinunua? Nimemfuata Oddný kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akaniambia siri ya mteja ni siri, yeye ni kama kasisi. Tangu lini? Juzi tu alitutangazia sote nani kanunua dawa ya kuotesha nywele.

Jumanne, 17 Desemba

Nimewapelekea akina Ketill mkate. Hakuwepo. Theluji imeziba ngazi, nikaona niwasafishie, nikaenda kwenye zizi la zamani kutafuta koleo.

Zizi tupu, safi, kama siku ile walipomaliza kuliosha. Na juu ya kihori cha kulishia kondoo — maboksi. Jina langu ubavuni. Vitabu vyangu vyote.

Nilisimama pale na koleo kama mchimba kaburi aliyekuta kazi imeshafanywa. Amevinunua vyote ili asisome mtu. Hakuvichoma, hakunigombeza, hapana, huyo si Ketill. Ameviweka kimya mahali ambapo yeye huweka kila kitu kinachouma, akafunga mlango.

Ásdís alikuwa mlangoni niliporudi. "Usiniulize, wifi. Mimi ameniambia nisiguse, sijagusa."

Nimelia ndani ya gari. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza. Ningeelewa angenitukana. Ningependa, hata.

Jumatatu, 23 Desemba

Leo ndiyo siku yetu ya desturi ya kula samaki aliyevundishwa. Mji mzima unanuka kama choo cha mwaka jana na kila mtu anasema mwaka huu ametoka vizuri. Huwa nakula kwa Ketill kila mwaka. Sikwenda.

Akapiga simu. "Huji?" Nina mafua. "Haya."

Mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwaka huu.

Jumanne, 24 Desemba

Nyama ya kondoo ya moshi, mshumaa, mimi na redio. Raha mustarehe.

Kulikuwa na kifurushi kizingitini nilipoamka, mwandiko wa Ketill. Nimekifungua baada ya kula. Kitabu cha matrekta.

Asante, kaka. Kila mwanamke wa umri wangu anakitamani. Nikageuza nyuma kutafuta kile kibandiko cha dukani, kinachokuruhusu ukabadilishe zawadi baada ya sikukuu. Hakipo. Kimebanduliwa, gundi imebaki. Yaani hata kukirudisha siruhusiwi!

Lakini kuna jambo. Kitabu ni kipya kabisa, kurasa bado zimenatana. Na Oddný alileta kimoja tu, alilalamika mwenyewe kwamba ni cha Ketill peke yake.

Basi majuma yote haya alikuwa anasoma nini?

Ijumaa, 27 Desemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Bwawa limefunguliwa leo baada ya sikukuu. Nilipokanyaga ngazi ya sufuria wote wakanigeukia. Ketill kwenye kona yake. Nikajua kuna jambo.

Broddi akakohoa. "Bibie. Nimefika pale kwa yule mbwa." Broddi! Ameyaacha madaraja! Oddný macho mekundu: "Mimi nimemaliza. Usinisemeshe leo."

Kumbe alfajiri ya mkesha, gari la theluji likipita kusafisha, Ketill alikuwa anashuka kila nyumba na kuacha kifurushi. Kila nyumba. Na kila kibandiko amekibandua kwa kucha zake. "Nakiri nilitaka kwenda kukibadilisha," Broddi akasema. "Mtu huyu hakuniachia njia!" Wakacheka kidogo. Mimi nilishindwa. Nilidhani amevizika vitabu vyangu, kumbe alikuwa anasubiri Krismasi tu.

Kisha Broddi, kwa mazoea yake, jamani, mazoea tu, akamgeukia. "Na wewe, Ketill? Unasoma nini sasa hivi?"

"Cha dada."

"Umefika wapi?"

"Usiku wa kuamkia siku ile."

"Tangu lini uko hapo?"

"Tangu mwezi uliopita," Ketill akasema. "Nimesimama hapo. Kila nikifungua nasimama hapo hapo." Akainuka, mvuke ukimtoka mabegani, akaondoka bila kuaga.

Hakuna aliyesema kwamba maji yana moto.

Jumamosi, 28 Desemba

Amepiga simu baada ya chakula cha mchana. "Upo?" Nipo. "Nakuja."

Nikachemsha kahawa, nikatoa biskuti, nikapanga maneno. Kwamba nilipaswa kumwomba ruhusa. Kwamba yule ana ndevu. Upuuzi mtupu.

Sasa giza limeshaingia na gari la theluji liko nje ya dirisha langu. Amefika zamani. Hashuki. Taa ya ndani inawaka na kichwa kimeinama — anasoma. Amesogea! Kurasa zilizobaki mkono wa kulia ni chache sana, atakuwa pale zizini, mlango unafunguliwa, wanaanza na wale kondoo wazee.

Kahawa imepoa, nimechemsha nyingine. Mara moja alivua kofia akajifuta uso nayo.

Jirani amepiga honi, gari limemzibia njia. Ketill hakuinua hata kichwa. Jirani akashuka, akachungulia kwenye kioo, akaona anasoma nini. Amezima taa za gari lake, na sasa naye anasubiri amalize.