Sauti ya Pili Stoo

Mwenzangu, uko? Usipige, nimejifungia chooni hapa kazini.

Bosi katuita stoo. Makopo ya maziwa ya watoto, yameshapita muda, eti tufute tarehe kwa spiriti tugonge mpya! Nikamwambia, mimi ni Mkristo, hili siwezi. Wenzangu wakaangua kicheko.

Nikamgeukia Mama Kwaya, si unajua tuko naye kazi moja. Yule yule aliyenisimamia ubatizo! Nikajua huyu atanitetea.

Unajua kasemaje? "Msamehe, bosi. Wokovu wake bado wa moto, utapoa."

UTAPOA! Mama Kwaya huyo! Mbele ya watu wote!

Halafu akavuta boksi langu, akaanza kufuta yeye. "Mwanangu, kazi ni kazi. Mungu anaangalia moyo." Moyo gani, na kuna mtoto atakunywa yale maziwa?

Ngoja, bado. Huku anafuta, akaanza kuimba wimbo wetu wa Jumapili. Ule ule tuliofanyia mazoezi sebuleni kwake. Akafika pale ninapoingiaga na sauti ya pili, akanyamaza. Akanitazama, kitambaa mkononi, ananisubiri.

Sikuingia.