Shina Nene, Mbao Changa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Niko nyumbani Kola tangu jana. Vumbi, nzi, na Mama akiniuliza nitamaliza kusoma lini. Sijui! Amuulize profesa.

Nimekuja kukata dungusi, zile ndefu zenye miiba ambazo watu hapa hupanda mipakani. Swali langu ni jepesi, ingawa limenila miaka: shina likikua, seli za mbao iliyo ndani hubadilika vipi? Mpaka sasa jibu linatii. Dungusi changa — seli fupi zenye pete, laini. Dungusi ya zamani — nyuzi ngumu, mishipa ya maji mipana.

Leo nimetoa kipande kwenye kubwa kuliko zote, ya mpaka wetu na Ankol Kaloki, kaka wa marehemu Baba. Haikumbatiki! Mama alisimama nyuma yangu muda wote. Akasema nisiiumize.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe kuna vita. Ankol alirudi kutoka Mombasa mwaka jana, baada ya miaka mingi, na sasa anataka kuuza shamba lake. Mnunuzi ni mtu wa Mlolongo, anataka kujenga nyumba za kupangisha. Ankol anasema mpaka ulikuwa huku kwetu zaidi, upande huu wa kaburi la Mumo. Mama anasema dungusi ilipandwa na Babu, na asiyeamini auangalie unene wake.

Mumo, ndugu yangu mdogo. Hakuwa ameoa, kwa hivyo alizikwa pembeni mwa shamba. Nilifika mazishini nimechelewa, wanamalizia kufukia. Bado naumia nikikumbuka.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna kosa. Nimekata kipande cha dungusi yetu kwa wembe, nikatia rangi, nikaweka chini ya maikroskopu. Pete tupu! Hakuna nyuzi hata moja. Nimedhani nimechanganya vioo vya kuwekea vipande, nikakata tena. Pete.

Nimeenda misheni kutoa kipande kwenye dungusi ya ua wao, iliyokuwepo kabla Mama hajazaliwa. Shina lake ni jembamba kuliko letu. Nyuzi tele, mishipa mipana.

Jioni nimemwona Mama akibeba maji ya vyombo. Kwa kiangazi hiki, mahindi yamekauka, yeye anamwagia dungusi! Na samadi ya mbuzi imelundikwa hapo chini. Nikaketi. Unene wote ule ni maji. Mbao iliyo ndani ni ya mtoto.

Babu hakupanda kitu pale.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya Misa, wazee wa mbai, yaani ukoo wetu, wamekutana na pande zote mbili. Ankol ametaka kithitu, kile kiapo ambacho mwongo akikila anakufa, na jamaa zake wanafuata. Mama amesema yeye ni mama wa kanisa, hawezi kula kithitu. Watu wakaanza kunong'ona.

Halafu akasema — mbona hakuniuliza kwanza! — binti yangu Mutanu amesomea hii miti, yeye ataangalia ndani aseme umri. Masikini Mama. Anaamini kilicho kinene ni cha zamani, na kwamba chuoni tunafundishwa hivyo hivyo. Ankol alikubali palepale. Wanakuja Jumamosi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Mama nilichokiona ndani ya shina. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha.

"Wewe ulikuwa chuo," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, vijana wakachimba haraka haraka, wakaingia upande ya Kaloki. Mimi nilijua wakati jeneza iko ndani tayari. Ungetaka nimtoe?"

Aling'oa mkonge uliokuwa mpaka yeye mwenyewe, akapanda dungusi ng'ambo ya kaburi, ndani ya shamba la Ankol. Ankol alikuwa bado Mombasa, ila majirani waliona. Nani angemsumbua mama aliyefiwa?

Nikamwambia aende kwa Ankol, amwombe tu hilo kaburi. Akasema ameshaomba. Ankol alimwambia kwamba mnunuzi hataki shamba lenye kaburi, atawaita vijana wamhamishe Mumo vizuri, na padri awepo.

"Amhamishe kama nani? Kama gunia?"

Hapo ndipo alipolia. Mimi pia.

Ijumaa, 14 Machi

Sijakula. Vioo viwili mezani, chetu na cha misheni, vyote vyekundu. Hapa Kola nzima hakuna mwingine wa kuvitofautisha. Nachukia kwamba nimewaza hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Wako nje. Mzee Urbanus, mkubwa wa mbai yetu, amefungua kwa sala. Ankol amesimama mbele ya wote, kofia mkononi, akasema neno la Mutanu litakuwa la mwisho, hata likimpiga yeye. Huyu mtoto hajawahi kunidanganya, akasema. Wazee wakapiga makofi. Laiti angenitukana!

Mama amepewa kiti, amekikataa. Ameketi kwenye kaburi, leso ya kanisa kichwani, anang'oa majani ambayo hayapo. Hanitazami.

Nimesema naingia kuchukua vifaa. Naandika nimesimama. Nikisema ukweli watamfukua Mumo. Nikidanganya, nimekula kithitu kwa mdomo wangu mwenyewe, na Ankol atanishukuru.

Ankol amekuja mlangoni. Anaona nimekawia, anauliza kama hiyo mashine ni nzito, anibebee. Nimempa maikroskopu. Ameikumbatia kama mtoto mchanga, anatembea polepole isigonge ukuta. Vioo amevisahau, ninavyo mimi vyote viwili. Anageuka ananiita, "Kuja, mwana wa ndugu yangu, watu wanangoja."