Njia za Ng'ombe, Baiskeli za Gia

Jumatatu, 4 Mei

Naanza na kiapo: humu nitaandika yote, ya kuchekesha na ya kuaibisha, bila kujipamba. Nikijidanganya hata hapa, ukweli nitauweka wapi?

Vyombo nimeosha. Deki nimepiga. Shangazi yuko barazani anachambua mchele, kwa hiyo nina nafasi kidogo.

Leo Dada Rukia alikuja shuleni. Alisoma hapa, sasa yuko Mwanza, na kila mwisho wa wiki huendesha baiskeli milimani na wenzake. Aliingia mstarini akiwa juu ya baiskeli yenyewe! Tairi nene zenye meno. Springi mbele. Gia unazibonyeza kwa kidole gumba zinahama. Wavulana wote wakanyoosha shingo. Mimi nilisahau kufunga mdomo.

Kila mwaka kikundi chao huchagua mkoa mmoja na kuuzunguka kwa baiskeli. Mwaka huu wanataka kwanza kutusikia sisi. Ijumaa ya wiki ijayo kutakuwa na mdahalo: mkoa upi una njia bora za baiskeli za milimani? Kisha watachagua wenyewe. Aliyeutetea mkoa watakaouchagua atapanda nao siku nzima mwanzoni mwa Julai. Kwa baiskeli ya gia!

Nataka. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Darasani, Godlisten alichukua Kilimanjaro kabla mwalimu wetu, Madamu Teddy, hajamaliza sentensi. Rafiki yangu Shamsa akachukua Tanga, maana bibi yake yuko Lushoto. Madamu akauliza nani atausemea mkoa wetu. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Kicheko! Godlisten akasema, "Simiyu haina mlima. Utapanda nini wewe, mgongo wa ng'ombe?"

Darasa likapiga meza. Shamsa naye alicheka. Nilimwona.

Jumatano, 6 Mei

Hali mbaya. Shamsa amekuja na picha za Lushoto kwenye simu ya mama yake. Kijia chembamba ndani ya msitu. Ukungu. Bondeni kabichi zimepangwa kama shuka la mistari. Akaniuliza, "Sema ukweli wako, Kabula, wewe ungekwenda wapi?"

Nikasema Lushoto. Ulikuwa ukweli. Nikamrudishia simu kwa wivu.

Mimi nina nini? Vilima vifupi vya mawe. Miiba ya migunga ambayo haina huruma na tairi. Udongo mweusi, ambao ukilowa unashika gurudumu hadi ubebe baiskeli begani.

Baadaye. Nimepata!

Natoka shule, kundi la ng'ombe likavuka barabara kwenda kunywa maji. Mmoja nyuma ya mwenzake, kama wanafunzi wanaoingia darasani. Nikakumbuka Dada Rukia alivyosema: njia nzuri kuliko zote ni ya upana wa tairi moja, ngumu, inayozunguka kilima badala ya kukiparamia. Lakini ndivyo ng'ombe anavyokwenda! Ng'ombe hapandi kilima kwa kunyooka. Anakata ubavuni, polepole, hadi anajikuta juu. Na wamepita hapo tangu enzi za babu wa babu zetu, wakishindilia. Mkoa mzima umechorwa njia za baiskeli na hakuna aliyejua.

Asante, Godlisten.

Jumamosi naenda Mwamapalala kwa guku, babu yangu mzaa baba. Nitazipanda mwenyewe. Shangazi amekubali, ila nimpelekee guku dagaa.

Jumamosi, 9 Mei. Mwamapalala

Siku nzuri kuliko zote na siku mbaya kuliko zote. Niiandike kwa mpangilio.

Binamu yangu Minza anaishi hapa kwa guku. Kila siku huchota maji kwa baiskeli, madumu mawili nyuma na moja mbele, hashuki hata kwenye mchanga. Aliazima baiskeli ya pili kwa jirani. Zote za chuma, nzito, hazina gia. Yangu breki moja tu, tena inalia kama mbuzi.

Tukafuata njia ya ng'ombe nyuma ya zizi. Ilikuwa kweli! Kila nilichokiwaza kilikuwa kweli! Inazunguka kilima kwa upole kiasi kwamba nilifika juu nikiwa bado nazungumza. Kushuka, mawe mawili makubwa kama nyumba, njia inapenya katikati, halafu kona, halafu kona nyingine. Nilipiga kelele. Minza alipiga kelele. Nilianguka mara moja kwenye kichaka, nikainuka nacheka, na goti linatoka damu hadi sasa.

Halafu tukafika kwenye nyasi.

Zilikuwa ndefu, za kijani, zinafika kiunoni. Katikati yake ilionekana njia ya mwaka jana, imefunikwa nusu, inateremka kati ya mawe hadi mtoni. Sijawahi kuona mteremko mzuri namna ile. Minza akashuka kwenye baiskeli.

"Hiyo ngitili," akasema. "Tuzunguke."

Najua ngitili ni nini. Kila mtoto wa Kisukuma anajua. Ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, yasiguswe, ili kiangazi ng'ombe wasife njaa. Hayana ukuta wala seng'enge. Watu wanaheshimu tu.

Nikamjibu, "Wanaokatazwa ni ng'ombe. Sisi tuna baiskeli."

Nikajitosa. Mteremko wote, upepo masikioni, nyasi zikinichapa miguu. Dakika chache za furaha ambayo siwezi kuieleza. Chini mtoni nilimkuta mama mmoja amesimama, mikono kiunoni, jembe begani.

Mayu Holo, yaani Mama Holo. Ngitili ni yake. Nikasema, "Mwadila, mayu." Salamu ya mchana, kwa heshima zote. Hakuitikia.

"Ng'wana nani wewe?"

Nikataja jina la baba.

"Na shule unasoma?"

"Ndiyo, mayu."

"Ng'ombe wangu hawasomi, lakini wananisikia. Geuka uone ulichofanya."

Nikageuka. Nyasi zilikuwa zimelala mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kana kwamba mtu amepitisha chanuo. Akasema kesho ng'ombe wa watu watauona huo mlango na kuufuata, na mchungaji hataweza kuwazuia. Nyasi za Agosti zitaliwa Mei. Akaondoka bila kuniaga.

Minza alirudi nyumbani mbele yangu bila kugeuka. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Mei

Guku aliambiwa yote kabla sijaamka. Hakunikaripia. Alisema niende kwa Mayu Holo kwa miguu, baiskeli niiache.

Nilikwenda na Minza. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia asubuhi ile. Safari hii aliitikia, kidogo. Nikaomba msamaha. Akanipa panga. Tulikata matawi ya migunga na kuyaburuta hadi juu, tukauziba mlango wangu kwa miiba, kisha tukaziba na wa chini. Mikono imechanika yote. Mayu Holo alifanya kazi pamoja nasi na alitushinda sote wawili.

Tulipopumzika aliuliza nilikuwa nakimbilia nini. Nikamweleza mdahalo, Lushoto, Julai, gia. Akacheka hadi akakaa chini.

"Yaani watu wazima na akili zao, watoke Mwanza waje kushuka kwenye njia ya ng'ombe wangu?"

"Ndiyo, mayu."

"Hawana kazi?"

Nikamwuliza kama mwezi wa saba angeturuhusu. Akasema ngitili haifunguliwi kwa kalenda, inafunguliwa kwa nyasi. Zikikauka, ng'ombe wake huingia kwanza. Wengine baada yao. Mwaka mwingine ni Julai, mwaka mwingine Agosti. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Nimerudi kwa shangazi, Bariadi mjini, kwa gari la jioni.

Jumanne, 12 Mei

Nimeandika hoja upya. Kipande kizuri kuliko vyote siwezi kukiahidi. Nikikiacha, nabaki na vilima vifupi. Nikikitaja bila kusema kimefungwa, nitakuwa mwongo.

Ijumaa, 15 Mei

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Dada Rukia alikaa mbele na wenzake wawili.

Godlisten alianza. Alisema mlima wake unaonekana hata Kenya. Mtu wa nyuma akamjibu, "Kuonekana sio kupandwa!" Akapotea kidogo, akarudi, akasema habari za mifereji na migomba. Sio mbaya.

Shamsa alikuwa mzuri mno. Alitufanya tuusikie ukungu. Alisema Lushoto unaweza kushuka asubuhi nzima bila kukanyaga pedeli. Hata mimi nilipiga makofi.

Halafu mimi. Nikaanza, "Mheshimiwa mwenyekiti, niliulizwa kama nitapanda mgongo wa ng'ombe. Hapana. Nitapanda njia zake." Wakacheka, lakini safari hii walicheka upande wangu! Nikaeleza ng'ombe anavyokata kilima. Nikachora ubaoni. Nikaeleza mawe mawili na kona mbili. Goti langu lenye bandeji likawa ushahidi. Mwisho nikaeleza ngitili, na kwamba imefungwa, na kwamba nilipita nilipokatazwa na nikaenda kuziba kwa mikono yangu.

Shamsa akaruka juu. "Taarifa, mwenyekiti! Mtoa hoja anatuuzia njia iliyofungwa!"

Ukumbi ukalipuka. Nikajibu:

"Ndiyo, imefungwa. Ndiyo maana bado ipo. Nendeni mkaone vilima visivyofungwa, ng'ombe wamemaliza nyasi na mvua imeshavila."

Dada Rukia akainamia daftari lake akaandika kitu.

Kura za wanafunzi: Tanga ya kwanza, sisi wa pili, Kilimanjaro mwisho. Shamsa alinikumbatia. Nilitabasamu. Nililia chooni, kisha nikanawa uso.

Jumatano, 20 Mei

Madamu Teddy aliniita ofisini wakati wa mapumziko. Nilidhani nimekosa. Alikuwa na simu sikioni, akanipa.

Dada Rukia! Wamechagua Simiyu!

Aliongea haraka, na mimi nilisikia nusunusu. Lushoto wengi wao wameshafika. Njia za ng'ombe hakuna aliyezifikiria. Wanataka kilima cha guku, mawe mawili, na ngitili hadi mtoni. Ila bila ngitili safari inakuwa fupi mno kuwatoa Mwanza. Wanahitaji jibu kabla Mei haijaisha. Mayu Holo akisema Julai, wanakuja na mimi napanda. Akisema Agosti au hapana, wanakwenda Tanga na Shamsa anapanda.

Nilimwambia Shamsa mwenyewe, nisije nikaonekana namficha. Alichorachora mezani kwa kidole. Kisha akasema, "Basi nitaomba mvua inyeshe mpaka Juni, nyasi zako zisikauke."

"Dua ya hila hiyo, haipokelewi."

"Tutaona, ng'wana wa ng'ombe."

Tukacheka. Lakini alikuwa anataka kweli. Nilimwona machoni. Na mimi nataka kweli. Sijui inawezekanaje kumpenda mtu na kutamani akose.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua. Kubwa, na ngurumo. Msimu ulishakwisha, inatoka wapi? Shangazi anafurahia mahindi yake. Mimi nimesimama dirishani nanung'unika kama bibi harusi aliyeachwa.

Shamsa alikuja darasani amelowa chapachapa, akainua mikono miwili. "Mimi sijaomba! Naapa, bado sijaanza!"

Pamba ya watu imepasuka shambani na mvua inainyeshea. Nikakumbuka hilo, nikaona haya kuwaza baiskeli tu. Kisha nikawaza baiskeli tena.

Jumapili, 24 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimefua. Nimepiga pasi sare.

Minza alikuja mjini kununua sabuni na chumvi, anarudi leo hii. Nikafikiri kumpa maneno ya kumbembeleza Mayu Holo. Nimemwambia Minza matatu, na yote nikamwambia ayasahau. Moja lilikuwa la kusihi sana. Moja lilimwambia habari za gia, kama vile gia zinamhusu. Moja lilisema wageni watalipa, jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Nyasi ni zake na ng'ombe ni wake. Zikianza kugeuka rangi sasa, Julai zitakuwa kavu. Akisema Agosti, itakuwa Agosti, na nitamwazima Shamsa viatu vyangu vya michezo, maana vyake vinateleza. Hilo nimelikubali. Limechukua siku mbili.

Minza anafunga mzigo wake kwenye karia. Ameniahidi atampitia Mayu Holo kabla hajafika nyumbani, na kesho asubuhi atatuma jibu kwa simu ya guku. Nimemwambia aseme hivi tu, kwanza salamu, kisha hivi, na asiongeze kitu:

Mayu, baada ya mvua ile ya Ijumaa, nyasi za juu kwenye mawe zimeanza kugeuka rangi, au bado?