Chuo Kimempigia Itzel Simu Kiwandani

Chayo, ngoja nikusimulie ya leo.

Chuo kimempigia Itzel simu! Mdogo wangu huyu huyu, wa kwanza kwetu kuvaa joho. Tulikuwa kiwandani, mezani, tunakula tortilla zetu. Akaweka spika, akidhani ni ile kazi ya maabara aliyoomba. Meza nzima ikatega sikio.

Kumbe ni binti tu wa chuo, anauliza wahitimu wa mwaka jana wanafanya nini.

Itzel akasema, "Niko kwenye mambo ya chakula."

"Hongera, dada! Kama mtaalamu?"

Mama Chela, mwenzetu wa hapo mezani, akaropoka, "Mtaalamu wa mapaja ya kuku!" Watu wakaangua kicheko. Mimi niliinama tu.

Itzel hakucheka. "Nakata kuku, dada. Andika hivyo hivyo. Nina shahada ya biolojia na nakata kuku."

Binti akashusha sauti, akasema polepole, "Nami nilihitimu na nyinyi. Hii kazi ya kupiga simu inaisha Ijumaa. Huko kwenu wanaajiri?"

Eti wanaajiri, Chayo! Anatuuliza sisi!

Itzel akamtajia jina la msimamizi, akamwambia aje na viatu visivyoteleza.