Walimchagua Kulwa Peke Yake

Mwanangu Doto,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Sisi huku hatujambo, kama hatujambo ni kuamka na kushika jembe. Bibi yako anakusalimu; magoti bado yanamsumbua, na kila akisikia pikipiki anauliza kama ni wewe. Baba yako anakusalimu, ingawa hakunituma. Amenikuta naandika, akasimama kidogo, akanisogezea taa, na mimi namjua. Dada yako Kabula anakusalimu, amekuja kujifungulia hapa, kapata mtoto wa kike. Shija, mdogo wenu, anasema shikamoo kaka, na anasema shati lako la bluu analivaa yeye sasa, kama unalitaka uje umvue. Na pacha wako Kulwa anakusalimu. Amekaa mlangoni, kompyuta ameifunga. Nimemwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema, "Mwambie nipo." Basi, yupo.

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nampa yule kijana wa Maganzo anayekuja huko Geita kununua mawe ya dhahabu, na nimemwambia asipokuona ampe mwingine, na anayejua kusoma aisome kwa sauti hapo machimboni, hata mbele za watu. Simu umezima, nifanye nini? Nikikosea mahali utanisamehe, shule yangu unajua ilikoishia.

Doto, unakumbuka nilivyowalea. Kwetu mapacha hawapewi kimoja. Nikishona shati, nilishona mawili ya kitambaa kimoja. Kulwa akiumwa, na wewe ulilambishwa dawa chungu, huku unaruka ruka uani ukiwa mzima kabisa. Mgeni akija na andazi moja, lilikatwa katikati, nanyi mkapimiana vipande kwa macho kama wauza almasi. Kwa hiyo mlipopata chuo wote wawili kule Mwanza, baba yenu aliuza dume la ng'ombe la kuvuta plau akanunua kompyuta, na mwaka ule tukalima kwa mkono. Mbili hazikuwezekana. Tukaona si neno, mtaigawana kama mlivyogawana kila kitu.

Halafu mkaja likizo na habari za ule mpango. Kwamba wanafunzi wa nchi zote wanaomba, na wanaochaguliwa wanapewa mtu wa kuwaelekeza, wanatengeneza programu za kompyuta msimu ule ambao kwa Wazungu ni kiangazi, na wanalipwa. Na zile programu mtu yeyote duniani anazichukua bure, anazifungua, anaona ndani zilivyotengenezwa.

Nilikuwa napepeta choroko. Nikauliza, "Bure? Mtu ahangaike, mwingine achukue tu?"

Ukacheka. "Mama, si kama mnavyolimiana? Leo kwa jirani, kesho kwetu. Kila mtu na jembe lake."

Baba yako akadakia, "Kwenye kulimiana kuna pombe. Hao nao wanapika pombe?"

"Watakutumia kwa mtandao, Baba," Kulwa akasema, na bibi yenu, ambaye hakuelewa hata neno moja, akacheka kuliko sisi wote.

Mlisema kabla ya kuomba, mtu anatakiwa aoneshe mkono wake kwanza. Arekebishe vitu vidogo vilivyoharibika kwenye hizo programu, wenyewe wakague. Mkaanza. Nawaona mpaka leo mkipanda kwenye yale mawe makubwa nyuma ya zizi, ndiko mtandao ulikopatikana. Kulwa akichunga, wewe upo kwenye kompyuta. Wewe ukienda bombani na punda, yeye anakaa palepale ulipokaa. "Nimefika hapa, endelea." Hiyo ndiyo kauli yenu siku nzima. Wewe ndiye uliyekaa zaidi, nilikuwa nakuona, uji unapoa mkononi. Ile akaunti ilikuwa ya jina la Kulwa kwa sababu ndiye aliyeifungua. Siku moja ukamwuliza kama na wewe ufungue yako. "Ya nini?" akasema. "Sisi si mmoja?" Na wewe ukaona kweli, ya nini. Mimi nilikuwa nasikia, na mimi nikaona hivyo hivyo. Nani katika nyumba hii angeona vingine?

Wakati wa kuomba ukafika, kila mtu akaandika ombi lake. Majibu yakaja wakati tunavuna pamba. Kulwa kachaguliwa. Wewe wakakujibu kwa upole kwamba kazi yako hawajaiona.

Hawajaiona! Miezi ile yote juu ya mawe, hawajaiona.

Kulwa aliwaandikia, usiseme hakuwaandikia, alinisomea. Akawaambia tuko wawili, nusu ya kazi ile na zaidi ni ya ndugu yangu. Wakajibu kwamba akaunti moja ni ya mtu mmoja, ndiyo kanuni, na jambo hilo itabidi waliangalie. Ndipo wewe ukamshika mkono. "Acha. Watatufuta wote wawili." Ukamfungia kompyuta wewe mwenyewe. Asubuhi ulinikuta jikoni na begi mgongoni, nikakuuliza unakwenda wapi, ukasema, "Kwao mimi sijazaliwa, Mama." Ukaenda.

Nina uchungu, Doto. Kwenye kulimiana sijaona mtu anasimama pembeni ya shamba kuuliza jembe hili la nani. Wamewachukulia watu jasho halafu wanauliza jina. Na wewe nina hasira na wewe. Ulimwachia ndugu yako nafasi, vizuri, halafu ukaniachia mimi kimya. Bombani wanawake wananiambia, "Wanao si walikuwa wanawalimia Wazungu? Mmoja kapewa shamba, mwingine kapewa shimo." Nabeba ndoo yangu naondoka.

Kulwa kazi aliimaliza. Pesa ya kwanza alinunua viatu jozi mbili za namba ileile, yake na yako. Baba yako aliviona akatoka nje.

Huyu kijana wa Maganzo amekuona. Anasema unashushwa kwa kamba kwenye duara, shimo refu lisilo na mwanga, na mvua zimeanza, na duara la jirani yenu limeingia maji. Alinieleza hivyo anakunywa chai yangu, ametulia. Mimi nikainuka kutafuta kalamu.

Sasa nisikilize. Maombi ya safari hii yanakaribia kufunguliwa. Kulwa amewauliza wale wakubwa wa mpango, wamesema hakuna kinachokuzuia, uanze upya na akaunti ya jina lako, urekebishe vya kwako, waone mkono wako. Kulwa mwenyewe haombi. Anasema atachunga yeye, atakwenda bombani yeye, kompyuta ni yako mchana kutwa. Lakini hawezi kukufungulia akaunti. Kanuni ni ufungue mwenyewe.

Mimi siwaamini wale watu, na sitakudanganya kwamba watakuchagua. Huenda wakakukataa tena. Wakukatae basi ukiwa juu ya ardhi, ng'wanawane, mwanangu, ukiwa juani nyuma ya zizi, mahali ninapoweza kukupandishia uji. Huko chini nikikuita hunisikii.

Kijana huyu analala huko siku mbili tatu tu kisha anarudi. Usimtume kitu, sitaki dhahabu ya mtu. Mpe neno. Kama huna kalamu, mwambie kwa mdomo, unakuja au huji, na awahi kulileta hata kabla hajafika kwake. Washa simu, mwanangu, hata kwa dakika moja. Usingoje kesho.

Ni mimi,
Mama Doto