Jambo Nililolificha Nyuma ya Kamongo

Dada yangu Nafula,

Mimi darasa nililiacha la sita, kwa hivyo ukikuta makosa humu nisamehe kama ulivyozoea. Ninakuandikia kutoka Kibomet, hapa Kitale, na udongo wa bwawa bado uko chini ya kucha zangu. Siku ya kukuzika kuna jambo nilipaswa kulisema mbele ya watu wote wa Misikhu. Sikulisema. Nilizungumza juu ya samaki.

Waliita ndugu wa marehemu aseme machache, wakanipa kipaza sauti. Nikasema, "Nafula alinifundisha kwamba kamongo ni ndugu yetu wa karibu kuliko alivyo ndugu wa tilapia." Watu wakatazamana. Nikaendelea na mapezi, nikaendelea na mapafu, mpaka baba mdogo Simiyu akanivuta koti. "Kaa chini, kijana. Leo si siku ya samaki." Mama mmoja nyuma akanong'ona, "Ati samaki? Masikini, msiba umemwingia kichwani." Mama yetu hakuinua uso.

Lakini samaki wenyewe sikuwasingizia. Unaikumbuka ile likizo ya Agosti, ulipokuwa umeanza kufundisha bayolojia kule Kimilili? Nilileta nyumbani tilapia watatu. Kabla mama hajawapara magamba ukamchukua mmoja, ukakunjua pezi lake kwa kidole. "Ona, Wekesa. Vijiti na ngozi tu, kama mwavuli." Ukaniambia samaki wenye mifupa waligawanyika zamani sana wakawa koo mbili kubwa, na karibu wote ninaowajua, mbuta, omena, kambare, ni wa ukoo huu wa mwavuli. Wale wa kwanza walivaa magamba mazito kama mabati. Vizazi kwa vizazi magamba yakawa mepesi, mkia ukawa sawa juu na chini, taya likalegea. Ukavuta mdomo wa tilapia, ukachomoka mbele kama faneli.

"Hii ni kazi ya mamilioni ya miaka," ukasema, "na wewe unaitafutia kitunguu."

Ukoo wa pili, ukasema, ni wa mapezi ya nyama, yenye mifupa ndani kama mkono. Majini wamebaki wachache, na kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, ni mmoja wao. Wengine wa ukoo huo walitoka majini wakapanda nchi kavu, na uzao wao ni chura, ni kuku, ni sisi.

"Kwa hivyo mimi ni samaki?"

"Wewe ni kamongo aliyepewa jembe."

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi nilibisha. Nilisema pafu ni kitu cha nchi kavu, limetoka wapi kwa samaki? Ukaniambia nimeligeuza jambo juu chini. Samaki wa kale wenye mifupa walikuwa na mfuko wa hewa wa kupumulia. Ukoo wa mwavuli, wengi wao, waliugeuza ukawa wa kuwasaidia kuelea. Kamongo aliendelea kuutumia kupumua.

Nilisikia, lakini sikuelewa. Wiki iliyofuata, shule zilipofunguliwa, nilimpata kamongo mzima kwa mama mmoja sokoni Bungoma, amefungwa kwenye gunia bichi, nikakuletea uwaonyeshe wanafunzi wako. Nilikuwa na furaha sana. Nikajaza pipa maji mpaka juu kabisa, nikafunika kifuniko, nikaweka jiwe asitoroke. Nilifikiri samaki ukimpa maji mengi umempa kila kitu. Asubuhi tukamkuta amekufa. Hakupata nafasi ya kupandisha mdomo avute hewa. Samaki alikufa maji, ndani ya pipa la wema wangu. Ulikaa chini karibu naye, ukamgusa lile pezi jembamba kama kamba. "Hukujua," ukaniambia. Ukampeleka shuleni vivyo hivyo, ukampasua mbele ya darasa, ukawaonyesha mapafu. Jioni ulirudi ukaniambia wanafunzi wameuliza maswali mpaka kengele ikalia.

Hayo ndiyo niliyowaambia waombolezaji, na watu wakadhani nimechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa, Nafula. Nilikuwa najificha. Kila nilipofika mahali pa kusema neno lenyewe, nilikimbilia samaki mwingine.

Neno lenyewe ni hili. Jumanne ile ulipiga simu ya nyapara wetu. Nilikuwa ndani ya shimo la bwawa tulilokuwa tukichimba, akaniteremshia simu. Ulisema, "Wekesa, njoo. Wamenilaza hapa Bungoma, ni kifua." Nikakuuliza kama ni kibaya. Ukasema tena, "Wewe njoo tu." Nami nikakujibu kwamba vifaranga vya samaki vinaletwa Ijumaa, bwawa halijaisha, nitakuja Jumamosi. "Sawa basi," ukasema. "Jumamosi." Nilimrudishia nyapara simu yake, nikashika jembe.

Nyapara hata aliniuliza, "Ni nani huyo?"

"Dada yangu. Anasalimia."

Alhamisi asubuhi ulikuwa umeshaondoka.

Kutoka hapa hadi Bungoma si safari. Hakuna aliyenizuia. Nilisikia pumzi yako ilivyokuwa inakatika katikati ya maneno, nikajua, nikaamua kutojua. Watu nyumbani wanasema nilikuwa mbali, habari ilinikuta kazini. Mama huwaambia hivyo wageni, ananitetea, na mimi namwacha anitetee. Kila akisema "angejua angekuja," najiona kama mwizi anayepewa chai.

Lile bwawa lilijaa. Vifaranga vilikuja Ijumaa kama walivyosema, na watu wengine walivimwaga, kwa sababu siku hiyo mimi nilikuwa Misikhu nachimba mahali pengine. Sasa samaki wamefikia kiganja. Ninawalisha. Vijana wa kazi huniuliza habari zao, nawaeleza kama ulivyonieleza, na wananiita mwalimu. Jina hilo linaniuma, lakini siwakatazi.

Jumapili nitakwenda nyumbani. Mama ataniuliza kama nimekula, atainuka aweke sufuria. Nitamwomba akae kwanza. Sijui atanifanya nini, na sitamwomba anisamehe siku hiyo hiyo. Ila nitaanza na simu, Nafula. Nitaanza na simu.

Pumzika sasa,

Ndugu yako, yule uliyemwita.